Joto la Hewa ya Injini: Pima Ukielekea Bujora

Anayetaka kujua hewa inaingia injini ikiwa na joto gani hahitaji maabara. Safari ya kutoka Mwanza mjini hadi makumbusho ya Wasukuma, Bujora, inatosha: kuna foleni ya Buzuruga na Igoma, lami ya kuelekea Kisesa, kisha mwinuko wa mwisho. Utahitaji kisomaji kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na simu yenye programu ya kusoma sensa ya joto la hewa hiyo. (Baadhi ya magari yaliyotumika Japani hayaelewani na visomaji hivyo, jaribu kabla ya kulipa.)

Namba ya kwenye simu peke yake haina maana. Chukua joto la kivulini, ulitoe kwenye namba hiyo. Kinachobaki ndicho gari lilichoongeza lenyewe.

Kwenye foleni injini huvuta hewa kidogo, nayo hukawia ndani ya mabomba huku feni ikiipulizia moto wa rejeta. Ukishika kasi ya 80, upepo hupenya chini ya boneti na namba hushuka kuelekea ile ya nje. Mlimani mambo huchanganyika: mwendo ni mdogo, ila umekanyaga mafuta, hewa inapita kwa wingi na haipati muda wa kupashwa.

Sasa zima gari Bujora, uliwashe baada ya nusu saa. Huenda ukaona namba kubwa kuliko zote. Feni ilikuwa imelala, na joto la chuma limepanda hadi kwenye sensa. Unachosoma kwa dakika kadhaa ni sensa yenyewe iliyopata moto. Usikiandike.

Hewa ikitoka nyuzi 30 hadi 60, uzito wake kwa ujazo uleule hupungua kama asilimia 9. Mwanza, kwenye mita zipatazo 1,140 juu ya bahari, hewa tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Juu ya hayo, hewa ikiwa moto, kontroli boksi ya injini huweza kuchelewesha cheche ili injini isigonge. Utayahisi ukikanyaga mpaka mwisho kulipita lori. Kwenye mwendo wa kawaida, karibu hutatambua, wala mafuta hayataliwa ovyo.

Kwa hiyo sioni faida ya chujio la wazi linalouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu, hasa likifungwa nyuma ya rejeta, panapovutwa hewa ya moto. Boksi la chujio la kiwandani kwa kawaida huvuta hewa kutoka mbele. Kagua tu kama bomba lake la mbele bado lipo. Fundi aliyewahi kufungua bampa huenda hakulirudisha.