Seli za Shahamu ya Kahawia na ya Hudhurungi: Nasaba na Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi seli za shahamu ya kahawia na za hudhurungi zinavyokua na kutawaliwa na jeni, na kuonyesha hatari ya kuziainisha kwa rangi peke yake. Neno shahamu limechaguliwa kwa kuwa mafuta ni neno pana mno. Laweza kumaanisha hata ya taa.

Shahamu nyeupe huweka akiba ya nishati. Ile ya kahawia huichoma ili kuleta joto, nayo hupata rangi yake kutokana na wingi wa mitokondria zenye madini ya chuma. Humo mna protini iitwayo UCP1, ambayo huzipitisha protoni bila ATP kuundwa, na nishati yake ikawa joto. Mtoto mchanga huitegemea shahamu hiyo wakati wa baridi. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba hata watu wazima wanayo.

Kwa kutazama jina, ingedhaniwa kwamba seli ya kahawia ni ndugu wa karibu wa ile nyeupe. Sivyo. Nyingi hutokana na seli tangulizi zilizowahi kuamsha jeni ya Myf5, ambazo huzaa misuli pia. Mwaka 2008, Bruce Spiegelman na wenzake walionyesha kwamba protini ya PRDM16 ndiyo iamuayo njia: ikiondolewa, seli hizo huelekea kuwa misuli.

Seli za hudhurungi, kwa upande wake, huzuka katikati ya shahamu nyeupe baridi inapodumu. Mishipa ya fahamu hutoa noradrenalini, na jeni ya UCP1 huamka. Baadhi huzaliwa na seli tangulizi zilizomo humo. Nyingine ni seli nyeupe zilizogeuka. Baridi ikiondoka, nyingi hurudia weupe. Basi zinafanana na za kahawia kwa kazi, si kwa nasaba.

Kwa hiyo, istilahi kama "nusu-kahawia" ingepotosha, kwani ingedokeza uchotara usiokuwapo. Hudhurungi lafaa zaidi. Zamani lilikuwa jina la kitambaa cha kanzu chenye rangi ya kahawia iliyofifia, kama vile neno la Kifaransa beige lilivyotaja sufu isiyotiwa rangi. Kweli, leo wengi hulitumia kwa maana sawa na kahawia. Ndiyo sababu mfasiri hana budi kulifafanua kila alitumiapo, ili rangi isije ikasomwa kuwa ukoo.