Upande wa Pili wa Mita
Stima Nyumbani: Sehemu ya 2

Sehemu ya kwanza iliufuata umeme kutoka visima vya mvuke vya Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981, ikateremka nao kwenye nguzo hadi kwenye mita ya ploti moja ya Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Hapo kazi ya Kenya Power inakoma. Nguzo, transfoma, waya unaofika kwenye mita na mita yenyewe ni vya kampuni. Kuanzia baada ya mita kuingia ndani, kila kitu ni cha mwenye nyumba, hasara yake ikiwemo.

Kibarua cha jioni hufanyika upande huo wa pili.

Kamere ilikua kwa mishahara ya mashamba ya maua. Vyumba vya mawe na vya mabati vimejipanga kandokando ya barabara ya Moi South Lake, na si rahisi kukuta ploti isiyo na mtu “anayejua stima”. Mara nyingi anajua kweli. Mchana huenda ni fundi wa pampu kwenye shamba la maua, amezoea mota za volti 415, na msimamizi wake hamruhusu kugusa mashine kabla swichi kubwa haijafungwa kwa kufuli. Jioni huyo huyo anavua ovaroli, anatia pulaizi na testa mfukoni na kumfuata keyateka, mwangalizi wa ploti, aliyempigia simu: soketi moja hapa, hita ya kuoga pale. Pesa zinaingia kwa M-Pesa kabla hajafika kwake, na karatasi haiandikwi.

Kisheria, hapo tayari kuna kosa. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kazi ya kufunga waya za stima ifanywe na watu walioidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli. Kanuni za 2012 zinawapanga mafundi kwa madaraja: wa C-2 anashika nyumba za fezi moja, wa C-1 anaenda hadi fezi tatu, na juu yao wako wa B na A. Jambo linalowaponyoka wengi, hata waliopita chuoni, ni kwamba cheti cha fundi na leseni ya kontrakta ni vitu viwili. Cheti kinasema mtu huyu ana ujuzi. Leseni ndiyo inayomruhusu kuchukua kazi ya wateja kwa malipo. Diploma iliyotundikwa ukutani haijibu swali hata moja kati ya hayo mawili.

Lakini mpangaji wa Kamere haulizi leseni. Anauliza kama taa inawaka. Ubaya wa stima ni kwamba kazi mbovu nayo huwaka.

Hita ya kuoga ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Nyingi zinazouzwa madukani ni za wati 5,500 hivi. Kwa volti 240, hiyo ni karibu ampea 23. Fundi wa jioni anakuta waya wa taa, wa milimita mraba 1.5, umepita juu ya bafu, na anaunganisha papo hapo, kwa kuwa kuvuta waya mnene kutoka kwenye kisanduku cha sakitibreka kungemaliza siku nzima na kumtisha mwenye ploti kwa gharama. Maji yanatoka moto, kila mtu anafurahi. Ndani ya dari waya unachemka. Joto la waya halipandi sambamba na mkondo, ila kwa mraba wake: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Haichukui muda sakitibreka ya taa inaanza kujikata. Fundi anaitwa tena, na anaiondoa ili aweke kubwa zaidi. Kifaa pekee kilichokuwa kikisema ukweli kimenyamazishwa.

Kisha kuna ethi, waya wa kupeleka ardhini mkondo unaovuja. Waya huu haufanyi kazi yoyote mpaka siku ya ajali, kwa hiyo ndio wa kwanza kurukwa. Testa ya mfukoni haiwezi kuonyesha kama upo: inamulika kwenye waya wenye moto, basi. Kujua kama fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini inafaa kunahitaji kipimo maalumu, na kando ya Ziwa Naivasha kipimo hicho si anasa. Udongo wa majivu ya volkano na mawe mepesi ya povu, ukikauka wakati wa kiangazi, hupitisha mkondo kwa shida. Fimbo iliyotosha wakati wa masika inaweza kubaki chuma kilichosimama tu mwezi Februari. Nyumba ya mabati inaongeza balaa lake: waya uliochubuka ukigusa bati, ukuta mzima unakuwa na stima, pamoja na waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye msumari wa ukuta huo.

Ni kiasi gani kinachoua? Balbu ya wati 10 inatumia takriban miliampea 42. Vifaa vya kulinda watu dhidi ya mshtuko huwekwa vikate stima mkondo unaovuja ukifika miliampea 30, kwa sababu zaidi ya hapo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Kosa moja la waya linatosha kuufikisha mkondo huo kwa mtu. Mwaka 2004 huko Uingereza, binti wa Jenny Tonge, mbunge wakati huo, alikufa jikoni kwake. Waya ulikuwa umepitishwa mshazari ndani ya ukuta badala ya kwenda wima au mlalo, skrubu za rafu ya chuma zikaukuta, naye akaishika rafu. Januari 2005 kanuni za majengo za England na Wales ziliongezewa Sehemu P, iliyodai kazi nyingi za stima za nyumbani zifanywe na fundi aliyesajiliwa au zipelekwe kwa wakaguzi wa majengo. Kasoro ya aina hiyo haionekani kwa macho ukuta ukishapakwa rangi, na haijali kama nyumba iko London au Kamere.

Fundi mwenyewe yuko katika hatari kubwa kuliko wateja wake, na hili husemwa kwa nadra. Mchana, akiumia shambani, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kumlipa. Saa 2 usiku, juu ya ngazi ya kuazima, hana mwajiri. Chumba kikiungua, hana bima, hana mkataba, na ile M-Pesa aliyopokea ni ushahidi kwamba alikuwa pale. Hata madai yake ya malipo ni dhaifu: ni nani atakayeenda kushtaki kwa kunyimwa ujira wa kazi ambayo hakuruhusiwa kuifanya?

Kwenye pengo hilo la leseni ndipo biashara ya sahihi ilipozaliwa. Kenya Power haiunganishi nyumba mpya bila cheti cha waya kutoka kwa fundi mwenye leseni. Asiye na leseni hufunga waya za nyumba, kisha humtafuta mwenye nayo atie sahihi kwa ada, wakati mwingine bila kuiona nyumba. Cheti kinadai kwamba kinga ya waya imepimwa kwa volti 500 na haikushuka chini ya megaohimu moja. Mega, kama mafundi wanavyokiita kifaa cha kupimia kinga hiyo, haikutoka mfukoni mwa mtu yeyote.

Mwaka 2020 ziwa lilipofura na kuingia Kihoto, upande wa mji wa Naivasha, na tena mwaka 2025, maji yalifika hadi kwenye soketi. Katika nyumba iliyopimwa kweli, kifaa cha kukata mkondo hufanya kazi yake kabla mwenye nyumba hajavua viatu. Katika nyumba ya sahihi ya kununua, anayegundua kama kifaa hicho kipo ni mtu wa kwanza kukanyaga maji.

Kwa fundi wa pampu, njia ya kutoka gizani ipo na si ndefu kama inavyodhaniwa. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inawapima kwa mtihani wa gredi hata waliojifunzia kazini, kisha ombi linapelekwa EPRA kupitia mtandao na mwombaji anaitwa kuhojiwa. Atakayepita, jina lake linaingia kwenye orodha ya umma pamoja na daraja lake, ambapo keyateka anaweza kulitafuta kwa simu kabla ya kumpa mtu yeyote ufunguo wa ploti.

Sehemu ya 3 itaingia kwenye ploti ya vyumba kumi vinavyogawana mita moja.