Butembo: Pikipiki ina asiransi, lakini siku bila kazi hazilipwi

Mjini Butembo, motari akipata ajali, jamaa nzima inaumia. Yeye yuko hospitali, pikipiki iko garaje, na mwenye pikipiki anangojea pesa yake ya kila siku.

Sheria ya Kongo inalazimisha asiransi kwa kila chombo chenye injini kinachotembea barabarani. Lakini ile ya lazima inalipa tu hasara aliyopata mtu mwingine. Haitengenezi pikipiki ya motari, wala hairudishi mapato ya siku alizokosa kazi.

Tangu sheria ya 2015 kuondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni za binafsi pia zinaruhusiwa kuuza asiransi. Basi kabla ya kulipa, motari aulize: pikipiki itatengenezwa na nani? Nikivunjika mguu, watoto watakula nini? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.