Je, Wajua? Grini Kadi na Safari ya Kurudi kutoka Ufipa

Je, wajua kwamba lami inayopita Mpui, huku Ufipa, kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, ilijengwa kwa fedha za walipa kodi wa Marekani? Zilitoka mfuko wa Changamoto za Milenia (MCC), kwenye mkataba wa dola milioni 698 uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008. Ndiyo lami inayowaleta nyumbani wenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, waje kuzika, kutoa mahari au kumwuguza mama. Kuja hakuna shida. Kazi ipo kwenye kurudi.

Je, wajua kwamba tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kadi haikuhakikishii mlango? Kadi nyingi ni za miaka 10. Lakini ukikaa nje mfululizo zaidi ya siku 180, sheria inaruhusu uhesabiwe kama anayeomba kuingia upya, na maswali yataanza: unaishi wapi hasa? Kazi yako iko wapi? Kodi ulilipa? Ukitimiza mwaka, kadi peke yake haikuingizi tena.

Je, wajua kinga yake? Ni hati ya kurejea, inayoombwa kwa fomu I-131 na inayodumu hadi miaka 2. Sharti lake ndilo linalowaumiza wengi: uiombe ukiwa bado ndani ya Marekani. Ukishashuka basi Mpui, umechelewa.

Aliyechelewa amebakiwa na viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini. Kutoka Mpui hadi ubalozi wa Marekani ulioko Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na huko utatakiwa kuthibitisha kuwa kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Kwa hiyo vyeti vya hospitali vitunzwe. Maneno matupu hayamshawishi ofisa.

Kadi imeibwa? Ipo fomu I-131A, ya kupata kibali cha kupandia ndege. Usiende uwanjani kubahatisha: shirika la ndege linalombeba abiria asiye na karatasi hutozwa faini, na wahudumu wake wanalijua hilo vizuri.

Je, wajua kwamba hulazimiki kutia saini fomu I-407? Ukiisaini, umeirudisha kadi kwa hiari yako. Ukikataa, una haki ya kusikilizwa na hakimu wa uhamiaji. Haki hiyo ina thamani. Hata mwenye kadi halali anaweza kukwama: amri ya rais wa Marekani ya Januari 27, 2017 iliyowazuia kuingia raia wa nchi saba, Somalia na Sudan zikiwamo, iliwakwamisha hata wenye grini kadi viwanjani. Siku mbili baadaye waziri wa usalama wa ndani, John Kelly, akatangaza kuwa kuingia kwao ni kwa maslahi ya taifa.

Je, wajua kwamba ndugu wa ukoo mmoja wanaweza kupanga foleni moja uwanja wa ndege wakiwa na hati tofauti kabisa? Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, enzi hizo mkoani Rukwa, kabla Katavi haijazaliwa mwaka 2012. Wengi wa huko wamepewa uraia wa Tanzania na husafiri kwa pasipoti yetu. Wenzao waliokuwa kambini waliopokelewa Marekani kuanzia 2007 huweza kusafiri kwa hati ya mkimbizi, ambayo hudumu mwaka mmoja tu.

Na wakaazi wa nchi nyingine? Kanada inawadai wawepo nchini siku 730 ndani ya miaka 5. Uingereza, ukaazi usio na ukomo hufutika ukikaa nje zaidi ya miaka 2. Falme za Kiarabu, kwa viza ya kawaida ya ukaazi, ni miezi 6.

Na je, wajua kwamba mwenye grini kadi bado ni Mtanzania kamili? Anaingia kwao bila viza. Akichukua uraia wa Marekani akiwa mtu mzima, anaupoteza wa Tanzania, na atalipia viza ya dola 100 kwenda kuwasalimia wazazi.

Una ndugu ughaibuni anayepanga kuja kumwuguza mzee? Mpigie leo, kabla hajakata tiketi: I-131 kwanza.