Mwandishi alipolipekua upya jalada la Birmingham

Usiku wa Novemba 21, 1974, mabomu yalilipuka katika baa mbili jijini Birmingham, Uingereza, yakaua watu 21. Usiku huohuo polisi waliwashika wanaume watano wenye asili ya Ireland Kaskazini katika bandari ya Heysham, wakiwa safarini kwenda Belfast. Mwenzao wa sita alikamatwa siku iliyofuata. Agosti 1975, wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Kesi ilisimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni maelezo ya kukiri kosa yaliyosainiwa na wanne kati yao, ambao waliiambia mahakama kuwa walipigwa na kutishwa hadi wakasaini. La pili ni kipimo cha mikono. Mkemia wa serikali, Frank Skuse, alitamka kuwa ana uhakika wa asilimia 99 kwamba wawili kati yao walishika vilipuzi.

Mwaka 1980, walipojaribu kuwashtaki polisi kwa kipigo hicho, Jaji Denning aliizima kesi yao. Alisema wakishinda, itamaanisha kwamba polisi walidanganya na kutesa, jambo la kutisha mno kiasi kwamba shauri halipaswi kuendelea. Yaani heshima ya vyombo vya dola iliwekwa mbele ya ukweli.

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya uandishi wa uchunguzi. Chris Mullin, akifanya kazi na kipindi cha World in Action cha televisheni ya Granada, hakwenda kuwaombea wafungwa huruma. Alilipekua jalada na kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na kujibiwa kikamilifu mahakamani: je, kipimo kile hugundua vilipuzi peke yake?

Katika kipindi kilichorushwa mwaka 1985, wanasayansi walichanganya karata kuukuu, kisha wakapima mikono ya waliozishika. Majibu yakatoka yaleyale yaliyowatia hatiani watu wale. Karata hizo zilikuwa na nitroselulosi, kemikali inayokidanganya kipimo. Na ndani ya treni iliyowapeleka Heysham, washtakiwa walikuwa wakicheza karata.

Pamoja na hayo, Mahakama ya Rufaa iliwakatalia tena Januari 1988. Mullin na mawakili hawakukata tamaa. Baadaye uchunguzi wa karatasi ulionyesha kuwa kumbukumbu za polisi za mahojiano hazikuandikwa kama walivyoapa mahakamani. Machi 14, 1991, wote sita wakaachiwa, baada ya miaka 16 gerezani. Siku hiyohiyo serikali ilitangaza tume ya kuchunguza mfumo wa haki jinai, na kazi yake ndiyo iliyozaa chombo huru cha kupitia upya kesi zenye shaka, kilichoanza kazi mwaka 1997.

Lakini kuna kidonda ambacho hakijapona. Hadi leo hakuna mwingine aliyetiwa hatiani kwa vifo vile 21. Mullin aliwafikia watu waliohusika kwa ahadi ya kuwaficha, na mwaka 2022 mahakama ilikataa kumlazimisha kutoa nyaraka za siri hiyo. Baadhi ya ndugu wa marehemu wana uchungu naye, na uchungu huo ni halali. Chanzo chake, hata hivyo, ni hukumu ya mwaka 1975. Dola ikimfunga asiyehusika, mhusika hubaki uraiani, na waliofiwa hunyimwa haki pamoja na mfungwa.

Sisi tuliorithi taratibu za mahakama za Kiingereza tusiitazame kesi hii kwa mbali. Nchini Kenya, Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 inamruhusu mfungwa aliyemaliza rufaa kuomba kesi yake isikilizwe upya ukipatikana ushahidi mpya wenye uzito. Ataupataje akiwa ndani ya kuta? Hawezi kumfuata shahidi aliyehama, wala hana fedha za kumlipa mtaalamu apime upya kielelezo.

Kazi hiyo inahitaji mtu wa nje mwenye muda. Vyumba vyetu vya habari vina waandishi wengi wa kuripoti hukumu siku inaposomwa. Vimtenge walau mmoja wa kulipekua jalada baada ya hapo, na mhariri amwachie muda wa kutosha kulimaliza.