Mpangilio Wazi wa G na Matumizi ya Kapo: Kidatu, Umbo la Mkono na Unukuzi wa Muziki wa Gitaa

1.0 Utangulizi

Nyuzi za gitaa la nyuzi sita hukazwa kwa kawaida ili zitoe noti za E, A, D, G, B na E, kuanzia uzi mnene wa sita hadi uzi mwembamba wa kwanza. Hata hivyo, wapo wapigaji wanaouacha mpangilio huo na kuzikaza nyuzi kwa namna ambayo zikipigwa bila kubonyezwa hutoa mpatano kamili wa noti. Mpangilio wa aina hiyo huitwa mpangilio wazi. Makala haya yanafafanua mpangilio wazi wa G unapotumiwa pamoja na kapo, yaani kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa ili kuzibana nyuzi zote katika freti moja.

Hoja kuu ya makala ni kwamba, katika mpangilio wazi, kapo si kifaa cha kupandishia ufunguo tu. Hutenganisha mambo mawili ambayo mnukuzi wa muziki huyachanganya kwa urahisi: kidatu kinachosikika na umbo la mkono linalokizalisha. Mnukuzi anayeandika jambo la kwanza na kuliacha la pili huihifadhi sauti lakini huupoteza upigaji.

2.0 Muundo wa Mpangilio Wazi wa G

Ili kuupata mpangilio huu, uzi wa sita hulegezwa kutoka E hadi D, uzi wa tano kutoka A hadi G, na uzi wa kwanza kutoka E hadi D. Nyuzi tatu za katikati haziguswi. Matokeo yake ni D, G, D, G, B na D, noti ambazo kwa pamoja huunda mpatano mkuu wa G. Umbali kati ya uzi na uzi, ukihesabiwa kwa nusutoni, ni 5, 7, 5, 4 na 3, ilhali katika mpangilio wa kawaida umbali huo ni 5, 5, 5, 4 na 5.

Mfuatano huu wa umbali ndio kiini cha mpangilio. Nyuzi zote zikipandishwa kwa kiasi kilekile, mfuatano haubadiliki. Kwa sababu hiyo, mpangilio wazi wa A, wenye noti za E, A, E, A, C# na E, ni mpangilio uleule wa G uliopandishwa kwa nusutoni mbili.

3.0 Kapo na Njia Mbili za Kuufikia Ufunguo Mmoja

Mpigaji anayetaka mpatano wa A ana njia mbili. Ya kwanza ni kuanza na mpangilio wa kawaida na kuzikaza nyuzi za nne, tatu na pili hadi zifikie E, A na C#. Ya pili ni kuulegeza mpangilio hadi G, kisha kufunga kapo katika freti ya pili. Vidatu vya nyuzi wazi katika njia zote mbili ni sawa kabisa, ila hali ya gitaa lenyewe ni tofauti.

Mkazo wa uzi hubadilika kwa kipeo cha pili cha idadi ya mitetemo yake. Hivyo, kupandisha uzi kwa nusutoni mbili huongeza mkazo wake kwa takribani asilimia 26, na kuushusha kwa kiasi hicho hupunguza mkazo kwa takribani asilimia 21. Njia ya kwanza huongeza mzigo juu ya shingo na daraja la gitaa na huweza kukata nyuzi. Njia ya pili huupunguza mzigo huo, lakini hufupisha sehemu ya uzi inayotetema: katika gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648, kapo katika freti ya pili huacha takribani milimita 577, na katika freti ya nne takribani milimita 514. Kadiri uzi unavyofupishwa, ndivyo freti zinavyokaribiana chini ya vidole na rangi ya sauti inavyobadilika.

4.0 Mfano wa Keith Richards

Keith Richards wa kundi la Rolling Stones la Uingereza ni mfano bayana wa matumizi haya. Aliuzoea mpangilio wazi wa G mwishoni mwa miaka ya 1960, akaondoa uzi wa sita na kubaki na nyuzi tano: G, D, G, B na D. Kwa kufanya hivyo, noti inayoupa mpatano jina lake ikawa kwenye uzi wa chini kabisa. Katika nyimbo za "Happy" na "Tumbling Dice", zilizomo katika albamu ya Exile on Main St. ya mwaka 1972, kapo hufungwa katika freti ya nne na ufunguo unaosikika ni B.

Swali linaloibuka ni kwa nini mpigaji asikaze nyuzi hadi B moja kwa moja. Jibu la kwanza ni la kimaumbile: kuupandisha mpangilio wa G kwa nusutoni nne kungeongeza mkazo kwa takribani asilimia 59. Jibu la pili linahusu mkono. Juu ya nyuzi wazi, vidole viwili tu vinatosha kubadili mpatano: kimoja hubonyeza uzi wa pili katika freti ya kwanza, kingine uzi wa nne katika freti ya pili, na noti za B na D hugeuka kuwa C na E. Uzi wa kwanza usipopigwa, mpatano wa G huwa umegeuka kuwa mpatano wa C, huku nyuzi za G zikiendelea kuvuma. Kapo ikiwa katika freti ya nne, mwendo huohuo hutoka B kwenda E. Bila kapo, kidole kimoja kingelazimika kulala juu ya nyuzi zote muda wote, na uhuru wa vidole vingine ungepungua.

5.0 Ulinganifu wa Sauti

Matumizi haya yana changamoto mbili. Kwanza, kapo huzikandamiza nyuzi na kuzipandisha kidogo, hasa zile nene zilizolegezwa. Kwa hiyo nyuzi hukazwa kwanza, kapo hufungwa, kisha sauti husahihishwa tena.

Pili, mpigaji anayeukaza uzi wa B kwa kusikiliza utulivu wa mpatano wazi huuweka chini ya kiwango cha freti kwa takribani senti 14, yaani sehemu 14 za nusutoni iliyogawanywa mara 100. Mpatano wazi husikika mtulivu sana, lakini uzi huohuo unapobonyezwa ili kutoa C, noti hiyo nayo huwa chini kwa kiasi hicho. Kapo haiondoi tofauti hii, kwa kuwa huzihamisha noti zote pamoja. Mpigaji hulazimika kuchagua: autulize mpatano wazi au agawanye kasoro kati ya mipatano yote.

6.0 Athari kwa Unukuzi

Kutokana na maelezo hayo, kidatu pekee hakitoshi kumwonyesha mnukuzi njia iliyotumika. Rekodi za zamani huongeza ugumu. Nyimbo 29 za Robert Johnson, zilizorekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, zimezua mjadala kuhusu kasi ya sahani zake. Sahani ikizungushwa kwa kasi zaidi, vidatu vyote hupanda, na freti ya kapo inayokisiwa kwa kidatu pekee huwa si sahihi.

Suala hili linawahusu pia watafiti wa nyimbo za Kiswahili. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, alihifadhi maneno na gitaa kwa pamoja. Mtafiti anayenukuu maneno kwa uangalifu na kuliandika gitaa kwa jina la ufunguo tu huwa amenukuu nusu ya kazi.

Mfumo wa namba unaohusishwa na Joni Mitchell unafaa kuziba pengo hili. Huandika herufi ya uzi mnene zaidi, kisha freti ambayo kila uzi hubonyezwa ili ulingane na uzi unaofuata. Mpangilio wazi wa G huwa D57543 na ule wa A huwa E57543. Gitaa la G lenye kapo katika freti ya pili litaandikwa D57543, kapo 2. Kwa mwandiko huo, magitaa mawili yanayosikika katika kidatu kimoja hutofautishwa mara moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kapo huhamisha kidatu bila kuugusa mfuatano wa umbali kati ya nyuzi, na kwamba njia mbili zenye kidatu kimoja hutofautiana kwa mkazo, urefu wa uzi na rangi ya sauti. Inapendekezwa kwamba kila unukuzi wa gitaa utaje mambo matatu: mfuatano wa nyuzi, freti ya kapo na kidatu kinachosikika. Pale ambapo ushahidi ni sauti pekee, mnukuzi aeleze kwamba freti ya kapo ni makisio yake, ili msomaji asiyachukue makisio hayo kuwa ushahidi.