Nguo ya Watu wa Asili Mbili

Mzenga ni mahali katika Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, katika nchi ya Wazaramo. Lakini si kila aliyezaliwa huko ni Mzaramo kwa pande zote mbili. Wako ambao mama zao ni Wazaramo na baba zao ni Wasukuma au Wanyamwezi, na wako waliozaliwa na Mndengereko na Mmakonde. Tena Wazaramo tangu kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na makabila mengine huhesabu kwa upande wa baba. Basi mtoto wa nyumba kama hiyo hudaiwa na pande zote mbili.

Siku nyingi jambo hili halina taabu. Taabu huja siku ya arusi. Jamaa hupenda kuvaa sare, yaani nguo za namna moja, ili kila mgeni ajue kwamba hao ndio wenye shughuli. Ndipo shauri huanza. Shangazi hutaka nguo itakayowapendeza watu wa baba, mama mdogo naye hutaka itakayowapendeza watu wa mama, na bibi arusi, aliye damu ya wote, hukaa kimya katikati yao.

Shauri hilo si la Uzaramo peke yake. Hata watu wanaosifiwa duniani kote kwa nguo za koo zao wamepata kulifanya.

Watu hao ni Waskoti, wakaao upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Nguo yao huitwa tartani. Ni nguo ya sufu yenye mistari ya rangi ikatayo mistari mingine, hata ikafanya miraba mikubwa na midogo. Husemwa kwamba kila ukoo una tartani yake tangu enzi za mababu. Lakini mambo hayakuwa hivyo hasa. Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani kumwasi mfalme, ilitolewa sheria ya kuwakataza wanaume kuvaa mavazi yao ya kimilima, nayo ikadumu mpaka mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alikwenda kuutembelea mji wa Edinburgh, na Walter Scott, mtungaji wa hadithi, akawahimiza wakuu waje wamevaa tartani. Wengi hawakujua ya kwao ni ipi! Walikuwako wafumaji katika mji wa Bannockburn ambao nguo zao nyingine ziliuzwa kwa namba tu. Baadaye nguo hizo zikapewa majina ya koo. Watu wakanunua, wakavaa, na watoto wao wakakua wakiamini kwamba ni urithi wa kale. Wala si vema kuwacheka, kwa kuwa nguo iliyovaliwa na babu, na baba, na mwana, ya nani tena kama si yao?

Kwa sababu hiyo, mtu wa Uskoti mwenye asili mbili hazuiwi kutunga tartani mpya. Mwaka 1999 Masingasinga wa nchi ile walipata tartani iitwayo Singh, na mwaka 2008 Wayahudi wa huko wakapata yao. Tangu mwaka 2009 liko daftari la serikali la kuandikisha tartani. Naye aandikishaye hana budi kuonyesha kwamba ana uhusiano na jina analotaka kulipa nguo hiyo. Mtu hawezi kuokota jina la wenzake kama aokotavyo embe njiani.

Katika ufumaji wake mna jambo moja la kupendeza sana. Mfumaji hutandaza kwanza nyuzi za urefu, ziitwazo mtande, kisha hupitisha nyuzi za kukata, ziitwazo mshindio. Katika tartani rangi za mtande na za mshindio ni zile zile, kwa mpango ule ule. Kama rangi ni nyekundu na nyeupe, basi penye nyekundu juu ya nyekundu nguo huwa nyekundu kabisa, na penye nyeupe juu ya nyeupe huwa nyeupe kabisa. Lakini nyekundu ikikutana na nyeupe, jicho la mtu aliye mbali huona rangi ya waridi, ambayo haimo katika uzi hata mmoja. Hivyo rangi mbili huzaa tatu, rangi tatu huzaa sita, na rangi nne huzaa kumi. Mwanafunzi mwenye karatasi na kalamu za rangi aweza kuhesabu mwenyewe.

Shuka ya Mmasai nayo ina miraba, na kwa mbali hufanana na tartani. Lakini miraba yake haitaji ukoo wa mvaaji. Nguo ya Afrika ya Mashariki iliyobeba shauri hili la asili ni nyingine, nayo haikufumwa rangi bali hupigwa chapa. Ni kanga.

Mwanzo wake ni leso, vitambaa vya mraba vilivyoletwa na wafanya biashara. Neno lenyewe ni la Kireno. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa sita ambavyo havijakatwa, wakavikata vitatu vitatu, wakavishona pamoja kuwa nguo moja pana. Baadaye wenye maduka wakaagiza nguo pana iliyokwisha kupigwa chapa. Ya kwanza zilikuwa na madoadoa kama ndege kanga, na jina likabaki.

Siku zile Unguja ilikuwa na watumwa wengi. Walitoka kwa Wayao, kwa Wanyasa, kwa Wamanyema, hata kwa Wazaramo. Mtumwa wa kike alijulikana kwa nguo yake kabla hajafungua kinywa: alivaa merikani, nguo ngumu isiyo na rangi iliyotoka Marekani, au kaniki, nguo nyeusi ya rangi ya nili, wala hakujifunika kichwa kama bibi yake. Utumwa ulipoondolewa Unguja kwa sheria mwaka 1897, wanawake hao walikuwa huru, lakini watumwa wa jana waliitwaje leo? Wengi hawakuwa na njia ya kurudi makwao. Wengine walizaliwa Unguja, na mama Myao na baba Mmanyema, wasijue hata kijiji cha babu.

Basi wakaiacha kaniki. Walipopata fedha ya kwanza walinunua kanga, moja ya kiunoni na moja ya kujitanda kichwani. Kanga haikuwa nguo ya Wayao wala ya Wanyasa, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, Hii si yako. Wakajiita Waswahili, na baadaye Wazanzibari. Nguo ilitangulia, jina likafuata.

Kanga ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo uzungukao pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Na jina ni maneno yaandikwayo chini, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini kisutu, kanga ya kale yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa desturi haina jina, nayo ndiyo apewayo bibi arusi katika nyumba nyingi za pwani.

Sasa shauri la Mzenga laweza kutengenezwa. Kutungisha kanga mpya kiwandani ni gharama kubwa, maana doti chache hazilipi kazi ya chapa. Kwa hiyo nyumba nyingi huchagua katika zilizopo dukani. Bibi arusi huvaa kisutu, na watu wa mama huridhika. Sare ya jamaa wote huwa kanga nyingine, na rangi ya mji wake huweza kuchaguliwa na watu wa baba. Jina lake hupelekwa kwanza kwa bibi mkubwa asomewe, kwa kuwa neno la mzaha kwa upande mmoja laweza kuwa tusi kwa upande wa pili, na arusi zimepata kuharibika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Na kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawasawa, havijatenganishwa. Mwenye nyumba huvikata katikati. Kimoja humpelekea mama yake, na kimoja mama wa mkewe.